Malengelenge ya Midomo: Yatoka Ndani au Yatoka Nje?

Wasikilizaji wetu, pamoja nanyi mnaosoma maneno haya kitabuni, liko donda dogo ambalo ni shida kumpata mtu mzima asiyelijua. Huanza kwa mwasho na kuchonyota ukingoni mwa mdomo. Baada ya saa chache mahali pale huvimba, kisha hutokeza malengelenge madogo madogo yaliyosongamana kama mayai ya samaki, yenye maji ndani yake. Siku ya tatu au ya nne hupasuka, yakaacha kidonda kibichi, na juu ya kidonda hufanyika gamba. Katika siku 7 hadi 10 gamba huanguka, na ngozi hurudi kama ilivyokuwa, aghalabu bila kovu. Wengi wetu twaliita kidonda cha homa, kwa sababu huonekana mara nyingi mtu akiisha kuugua homa. Katika mazungumzo haya tutayaita malengelenge ya midomo.

Mtu aweza kuuliza: Je, jambo dogo kama hili lina historia? Naam, linayo, na ndefu sana. Tena ni historia ya shauri lililowasumbua watu wenye elimu kwa muda wa miaka elfu mbili. Mwulize mzee aliyepata kuugua malaria mara nyingi, atakuambia kwamba kidonda hiki hutoka ndani ya mwili, maana amekiona kikimtokea mwenyewe homa inapopungua, naye alikuwa amelala peke yake chumbani, hakumgusa mtu. Kisha mwulize mama mwenye watoto wanne, atakuambia kwamba hutoka nje, maana shangazi alikuja na kidonda mdomoni, akambusu mtoto, na baada ya siku chache mtoto akashikwa na homa, kinywa kikajaa vidonda. Maneno haya mawili yaonekana kupingana. Walakini mzee amesema kweli, na mama naye amesema kweli. Jinsi mambo haya mawili yalivyopatanishwa ndiyo habari tunayotaka kuwaeleza leo.

Wayunani wa kale walikuwa na neno lenye maana ya kutambaa, kama atambaavyo nyoka, na kutokana na neno hilo wakaita vidonda vitambaavyo juu ya ngozi *herpes*. Jina hilo limo katika vitabu vya Hippocrates na wafuasi wake, walioishi katika karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, na matabibu wa Ulaya wanalitumia hata leo. Lakini msomaji asidanganyike na jina. Wayunani waliliweka juu ya vidonda vya namna nyingi, hata vile vilavyo nyama, na hatuwezi kudhani kwamba kila walipoliandika walikuwa wakiyaona haya malengelenge yetu. Aliyeyaeleza waziwazi zaidi ni tabibu mmoja aitwaye Herodotus, si yule mwandishi wa tarikh, bali mwingine aliyefanya kazi Rumi yapata mwaka 100 baada ya Kristo. Yeye aliandika habari za vipele vitokeavyo kandokando ya kinywa homa inapofikia kilele chake. Galen, aliyekuja baada yake, alisema kwamba vidonda vya namna ya *herpes* vinatokana na nyongo. Basi kwa fikira za watu wa zamani zile, mwili ulikuwa unatupa nje uchafu wake, kama chungu kinachochemka kinavyotoa povu. Hii ndiyo asili ya rai ya mzee wetu, nayo ilishika mizizi sana.

Rai ya mama nayo husimuliwa kwa kisa cha Rumi. Vitabu vingi vya siku hizi vinasema kwamba Kaisari Tiberius, aliyetawala tangu mwaka 14 hadi 37, alikataza watu wasibusiane kwa ajili ya malengelenge ya midomo. Ni kisa kitamu, nacho chapita kutoka kitabu hata kitabu. Sisi tulipokichungua tuliona kimeshonwa kwa vipande viwili vya nguo mbalimbali. Kipande cha kwanza ni cha mwandishi Suetonius. Yeye asema kweli kwamba Tiberius alitoa amri ya kukomesha busu za kila siku. Lakini maneno hayo yamewekwa pamoja na habari za kupunguza gharama za michezo na anasa, na za kuzuia watu kupelekeana zawadi za mwaka mpya baada ya siku ya kwanza ya Januari. Ugonjwa hautajwi kabisa. Kipande cha pili ni cha Pliny, aliyekufa mwaka 79. Yeye aeleza ugonjwa mpya wa ngozi ulioingia Rumi ukitoka Asia, ukianzia kidevuni na kuenea uso mzima isipokuwa macho, kisha ukashuka shingoni, kifuani na mikononi, ngozi ikitoka magamba kama pumba. Pliny asema uliambukizwa kwa busu, nao uliwashika wakubwa tu. Wanawake, watumwa na watu wa chini walisalimika. Matabibu walikuja kutoka Misri wakautibu kwa dawa za kuunguza, hata makovu ya dawa yakawa mabaya kupita ugonjwa wenyewe, na mkuu mmoja alilipa fedha sesterce 200,000 ili aponywe.

Sasa mpime wenyewe. Malengelenge ya midomo hayashuki kifuani, hayatoi magamba kama pumba, wala hayachagui kati ya bwana na mtumwa, mwanamume na mwanamke. Ugonjwa wa Pliny bila shaka ulikuwa mwingine. Kwa hiyo twamwacha Kaisari na amri yake. Faida ya kisa hiki ni kutuonyesha kwamba Warumi walijua vema kuwa ugonjwa waweza kupita kwa mdomo kukutana na mdomo.

Ushahidi wa kweli kuhusu ukale wa malengelenge yetu haukutoka katika vitabu, bali katika meno ya wafu. Mwaka 2022 wataalamu wa Cambridge na Estonia pamoja na wenzao walitangaza kwamba wamepata mabaki ya vijidudu vya ugonjwa huu katika mashina ya meno ya watu wanne waliokufa zamani. Mmoja alizikwa karibu na milima ya Ural huko Urusi, yapata miaka 1,500 iliyopita. Wawili walizikwa katika eneo la Cambridge, nchini Uingereza: mwanamke wa karne ya 6 au ya 7, na kijana wa kiume wa karne ya 14 aliyezikwa katika uwanja wa hospitali ya maskini, naye meno yake yalikuwa na majipu mabaya sana. Wa nne alikuwa Mholanzi, mvutaji mkubwa wa kiko, kwani meno yake yalikuwa yamelika mahali pa kushikia kiko. Yaonekana aliuawa mwaka 1672 askari wa Ufaransa walipokishambulia kijiji chake kando ya mto Rhine. Kwa kulinganisha vijidudu hivyo na vya leo, wataalamu wakahesabu kwamba namna iliyoenea sana Ulaya ilianza kutawanyika yapata miaka 5,000 iliyopita, wakati makabila ya wafugaji yalipohama kutoka mbuga za Asia. Wakaongeza kwamba huenda desturi ya kubusiana mdomo kwa mdomo iliingia Ulaya pamoja na wahamaji hao. Neno hili la busu halikukubaliwa na wote. Mwaka 2023 wataalamu wawili wa Denmark walionyesha kwamba katika vibao vya udongo vya Mesopotamia, nchi iliyo kati ya mito Tigris na Euphrates, busu limetajwa tangu yapata mwaka 2500 kabla ya Kristo, na tena umo ugonjwa wa kinywa na koo uitwao *bu'shanu*, ambao dalili zake nyingine zafanana na za malengelenge. Sisi twaona si lazima busu. Mama atafunaye chakula na kumpa mtoto, au watu kunywea kata moja, yatosha.

Tuache wafu, turudi kwa walio hai. Kwa karne nyingi baada ya Galen hakuna mengi ya kusimulia. Matabibu walikopiana maneno. Hata mwaka 1813, huko London, Thomas Bateman alitoa kitabu cha magonjwa ya ngozi, akifuata utaratibu uliowekwa na mwalimu wake Robert Willan. Katika utaratibu wao, jina *herpes* liliondolewa juu ya vidonda vyote vitambaavyo, likabakizwa kwa malengelenge madogo yanayotoka kwa makundi tu, nayo yakagawanywa kwa mahali yanapotokea, yale ya midomoni yakawa na jina lao. Kazi ya kupanga majina huonekana ndogo, lakini mtu hawezi kuuchunguza ugonjwa iwapo umechanganywa na kumi mengine.

Katika karne hiyo ya 19 matabibu wa hospitali waliona kwamba malengelenge hufuata homa fulani kuliko nyingine: malaria, kichomi, na homa ya uti wa mgongo. Hayo yote yalizidi kuipa nguvu rai ya mzee. Lakini karne ilipokuwa ikielekea mwisho, Mfaransa Vidal alionyesha kwamba maji ya malengelenge yaweza kuutia ugonjwa kwa mtu mwingine. Kisha macho ya sungura yakatoa ushahidi mkubwa. Daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Grüter, alichukua uchafu wa jicho la mtu mwenye ugonjwa huu akautia katika jicho la sungura, jicho likashikwa. Mwaka 1919 Löwenstein akafanya vivyo hivyo kwa maji yaliyotoka katika malengelenge ya midomo yenyewe, na jicho la sungura likashikwa pia. Sasa ilikuwa dhahiri kwamba ndani ya maji yale mna kitu kiambukizacho. Kitu hicho ni kirusi, yaani kijidudu kidogo mno ambacho hadubini ya kawaida haikionyeshi.

Je, mama ameshinda kesi? Bado. Maana ikiwa ugonjwa hutoka kwa mtu hata mtu, yule mzee aliyelala peke yake na malaria aliambukizwa na nani? Na kwa nini malengelenge yake hutokea mahali pale pale, mwaka huu na mwaka kesho, kana kwamba yana shamba lao?

Jibu lilianza kuonekana mahali pasipotazamiwa. Harvey Cushing, Mmarekani mashuhuri kwa kupasua ubongo, alikuwa akiwatibu watu wenye maumivu makali ya uso kwa kukata mshipa wa fahamu uendao usoni. Mwaka 1905 aliandika kwamba baada ya kupasuliwa, wengi wa wagonjwa hao walitokwa na malengelenge, lakini hayakutokea katika sehemu ya uso ambayo mshipa wake ulikuwa umekatwa. Mishipa ilipokuwa mizima yalitokea, ilipokatwa hayakutokea. Basi mshipa wa fahamu wahusika. Mwaka 1929 Mmarekani mwingine, Ernest Goodpasture wa chuo cha Vanderbilt, baada ya kufuata njia ya kirusi katika miili ya sungura, alitoa rai kwamba kirusi kikiisha kuingia mdomoni hupanda kwa mshipa wa fahamu mpaka katika fundo la mishipa lililo ndani ya kichwa, karibu na sikio, kikakaa humo.

Mwaka uliofuata, 1930, Waingereza Andrewes na Carmichael walipima damu za watu, wakaona ajabu. Watu waliokuwa wakitokwa na malengelenge mara kwa mara ndio waliokuwa na kinga dhidi yake katika damu. Katika ndui mtu mwenye kinga haugui tena; hapa mwenye kinga ndiye augulaye! Mwaka 1938 Katharine Dodd na wenzake wa Vanderbilt wakathibitisha kwamba ule ugonjwa wa watoto wadogo, wa homa na ufizi kuvimba na kinywa kujaa vidonda hata mtoto akakataa chakula, waletwa na kirusi hiki hiki. Ndipo mwaka 1939, huko Melbourne nchini Australia, Macfarlane Burnet na mwenzake Williams walipoviweka vipande vyote pamoja. Walisema hivi: Mtu huambukizwa mara moja, aghalabu utotoni, kwa mate ya wale wampendao. Wengine huugua kinywa, wengi hawaoni dalili yo yote. Kisha kirusi hakitoki tena mwilini mpaka mtu afe. Hukaa kimya, na homa au jua kali au uchovu ukimpata mtu, huamka.

Basi mama alikuwa anasema habari za siku ya kwanza, na mzee alikuwa anasema habari za siku zote zilizofuata.

Ninyi mkaao kandokando ya ziwa Victoria na mabwawa yake mwamjua kamongo. Maji yakikauka, samaki huyo hujichimbia matopeni, akalala humo miezi mingi wala hali kitu, na mpita njia huona udongo mkavu tu. Mvua ikinyesha hutoka. Kirusi cha malengelenge chafanana na kamongo: kinapolala katika fundo la mishipa hakizai, hakidhuru, wala askari wa damu hawakioni. Kikiamka husafiri kwa mshipa ule ule kilioupandia, kikashuka mpaka kwenye ngozi ile ile, ndiyo sababu ya malengelenge kurudi mahali pake pa zamani. Mwasho ule wa kwanza ni mlango wa mshipa unaofunguliwa. Rai hii ilikaa miaka mingi kama rai tu, maana hakuna aliyepata kukikuta kirusi katika usingizi wake. Mwaka 1971 Stevens na Cook walikipata katika mishipa ya panya, na mwaka 1972 na 1973 wengine wakakipata katika mafundo ya mishipa ya watu waliokufa ambao hawakuwa na kidonda cho chote usoni.

Yako maneno mengine ya kuongeza hapa, kwa kuwa yanavunja nyumba za watu. Mwaka 1962 Mjerumani Karl Schneweis alionyesha kwamba virusi hivi ni vya namna mbili. Namba moja hukaa zaidi midomoni na usoni. Namba mbili hukaa zaidi sehemu za siri. Vinaweza kubadilishana makao, lakini kwa kawaida malengelenge ya mdomoni ni ya namba moja, nayo mtu aliyapokea alipokuwa angali akibebwa mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu walio chini ya umri wa miaka 50 waliokuwa na kirusi namba moja walikuwa bilioni 3.8, yaani watu 64 katika kila 100. Kwa hiyo mume aonaye lengelenge mdomoni mwa mkewe na kuanza kuuliza alikuwa wapi jana, anauliza swali ambalo aghalabu lilijibiwa miaka 30 iliyopita, mkononi mwa bibi yake. Wala lengelenge la mdomoni si alama ya UKIMWI. Ila kidonda cha namna hii kisichopona kwa muda wa mwezi mzima chaweza kuwa dalili kwamba kinga ya mwili imedhoofika sana, na mtu huyo yampasa kwenda hospitali akapimwe.

Kuhusu asili ya namba mbili, wataalamu wamesema mwaka 2014 kwamba iliingia kwa mababu wa wanadamu kutoka kwa mababu wa sokwe, yapata miaka milioni 1.6 iliyopita. Na mwaka 2017 wengine wakatoa rai kwamba aliyekuwa daraja ni yule kiumbe mwenye magego makubwa ambaye fuvu lake liligunduliwa na Bibi Mary Leakey katika bonde la Olduvai, nchini Tanganyika, mwaka 1959. Namba moja haikuvuka kutoka kwa mnyama ye yote. Tumekuwa nayo tangu tulipotengana na sokwe. Ni mgeni wa zamani kuliko moto.

Sasa tuseme jinsi ya kuishi na mgeni huyu, maana kumfukuza hatuwezi.

Hatari kubwa ni kwa mtoto mchanga. Katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa, mwili wake hauna nguvu za kukizuia kirusi, nacho chaweza kuingia katika ini na ubongo, mtoto akafa kwa ajili ya busu. Desturi yetu ni njema, kwamba jamaa wote huja kumwona mtoto, na kila mmoja ataka kumpakata. Lakini mwenye lengelenge mdomoni, au hata mwasho tu, na amtazame kwa mbali, atoe zawadi yake, arudi siku nyingine gamba likiisha kuanguka. Asione haya kusema sababu, wala wenye nyumba wasione vibaya. Mama mwenyewe akiwa na lengelenge la mdomo aweza kuendelea kunyonyesha, maana maziwa hayana kirusi hiki. Lakini anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, afunike mdomo wake kwa kitambaa safi, asimbusu. Kukiwa na lengelenge penye titi, mtoto asinyonye titi hilo mpaka lipone, na mama aonane na mkunga. Mtoto mchanga mwenye homa, au asiyenyonya, au mwenye malengelenge po pote mwilini, apelekwe hospitali siku ile ile, wala asingoje asubuhi.

Hatari ya pili ni jicho. Yaliyompata sungura wa Löwenstein humpata mtu agusaye kidonda cha mdomo kisha akajifikicha jicho. Jicho likiwa jekundu, likauma na kuogopa nuru, wakati mtu ana lengelenge, ni jambo la daktari, si la dawa ya dukani. Kuna dawa za macho ambazo katika ugonjwa huu huzidisha madhara. Wenye ugonjwa wa ngozi wa ukurutu nao wajihadhari, kwa kuwa kirusi chaweza kutapakaa juu ya ngozi yao yote, kama alivyoeleza Kaposi wa Vienna mwaka 1887.

Vidole pia hushikwa. Mwaka 1959 nchini Uingereza iliandikwa habari ya wauguzi wa hospitali waliovimba vidole vyenye malengelenge kwa kushika mate ya wagonjwa kwa mikono mitupu. Na mwaka 1989, katika kambi ya vijana wa mieleka huko Minnesota, Marekani, vijana 60 kati ya 175 waliambukizwa kwa kusuguana ngozi wakati wa mchezo. Walimu wa michezo na wayaangalie maneno haya: mwanafunzi mwenye lengelenge asiingie katika mieleka mpaka lipone.

Katika nyumba, mwenye lengelenge awe na kikombe chake, kijiko chake na taulo lake, asivute sigara moja na mwenzake, wala asitafunie mtoto chakula. Vyombo havihitaji dawa kali: kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni na maji huuvunja utando huo kama vinavyoondoa mafuta katika sufuria. Asikitumbue kidonda wala asibandue gamba. Akipaka mafuta ya mgando ili gamba lisipasuke, apake kwa pamba safi, na anawe. Asitie maji ya betri, wala chumvi ya kuunguza, wala dawa ya meno. Warumi wa Pliny walikwisha kutuonyesha makovu yake. Na ajue kwamba mate yaweza kuambukiza hata pasipokuwa na kidonda, ingawa kidonda kibichi ndicho kibaya zaidi. Wale ambao jua huwaamshia malengelenge, kama wavuvi na wachungaji, wavae kofia pana; jaribio lililoandikwa mwaka 1991 lilionyesha kwamba dawa ya kukinga jua ikipakwa midomoni huzuia malengelenge yaletwayo na jua.

Tuonye pia kwamba si kila kidonda cha kinywani ni hiki. Mipasuko ya pembe mbili za kinywa, na vidonda vyeupe vya ndani ya shavu visivyoanza kwa malengelenge, ni mambo mengine, na dawa yake ni nyingine.

Dawa ya malengelenge yenyewe ilichelewa kuja. Mwaka 1959 William Prusoff alitengeneza dawa iliyokuja kutumika mwaka 1962, mikononi mwa daktari Kaufman, kuponya macho yenye kirusi hiki. Lakini ilikuwa kali mno kumezwa. Kisha mwaka 1977 ilitangazwa dawa ya asiklovia, iliyotoka katika kazi ya Bibi Gertrude Elion na wenzake, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1988. Uzuri wa dawa hii ni huu: inapoingia mwilini imelala, nayo haiamki ila ikiguswa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Katika chembe za mwili zisizo na kirusi hupita bila kufanya lo lote. Kwa sababu hiyo hiyo haimwezi kamongo aliye matopeni. Kirusi kilicholala hakiigusi, na dawa hupita kimya mbele yake. Humshika akitoka tu. Basi mtu ameze au apake siku ile ile ya mwasho, kabla ya lengelenge kutokeza. Mtu angojaye mpaka gamba lifanyike hulipa fedha zake bure, maana wakati huo kirusi kimekwisha kuzaa, na kilichobaki mdomoni ni kidonda kinachopona chenyewe.